Démarrer ya Papa Apollinaire

Nianze na kusema wazi, juu ku Mususa, kartie yetu ya Butembo, kungali batu benye kuniangalia na jicho moja: mimi Kavugho sikuiba Démarrer ya mutu. Ningeiiba niipeleke wapi? Nabeba mizigo ya batu kutoka Kasindi, ku mupaka wa Uganda, mpaka Butembo tangu nikiwa musichana. Nimebeba mashini za kushona, masinki ya choo, sahani za arusi, na mara moja sanamu ya Bikira Maria ya Bakatoliki, mimi Muprotestanti, nikaishika ku magoti njia yote na pua yake ikafika nzima. Lakini ikafika siku nikaitwa mwizi juu ya kitu yenye sikujua ata rangi yake. Mwenye kuniita vile ni Papa Apollinaire, na habari ya ule muzee njo nataka kubaelezea.

Musifikiri ni mutu mubaya. Angekuwa mubaya ningemusahau zamani, na sasa ningekuwa napika bugali yangu na roho safi.

Papa Apollinaire anatumikia ku barza ya nyumba yake, nyuma ya meza moja na mashini ya chuma ya kupiga maandiko. Batu banakuja, banasema shida yao, yeye anapiga: mialiko ya arusi, barua za kuomba kazi, na zaidi ya yote matangazo ya kilio yenye inasomwa ku radio. Kwetu Butembo mutu akikufa, radio inapaswa kutaja jamaa muzima, batoto, bajukuu, bashemeji, benye kukaa Beni na benye kukaa Kampala. Ukisahau shemeji mumoja, tayarisha vita. Papa Apollinaire hasahau. Wewe mwenye kufiwa unalia pale mbele yake, yeye anainua kichwa anakuuliza: "Na ule dada ya mama yako, mwenye aliolewa Masereka?" Unashituka, kweli, ulishamuacha. Batu banamuita Secrétaire, ata kama hakuwaka secrétaire ya mutu yeyote.

Anavaa cravate ku shingo kila siku, ata siku ya posho, ni kusema Jumamosi. Miwani yake mukono moja imefungwa na uzi. Alisomaka ku petit séminaire, shule ya benye kutaka kuwa mapadri, kisha akatoka. Yeye anasema alitoka juu ya malaria. Mama Virginie, bibi yake, mwenye kuuzisha maharagi ya Musienene pale sokoni, anasema ile malaria njo yeye.

Mu kichwa ya ule muzee hakuna kitu yenye inafundishwa bila kitabu. Kupiga mashini alijifunza mu kitabu, akagonga vidole juu ya meza tupu miezi na miezi mbele ya kugusa mashini yenyewe. Kufuga sungura alijifunza mu kitabu. Sungura zikakufa, akasema zilikufa juu hazikufuata kitabu. Mama Virginie anacheka, anasema siku ya arusi alikuwa anangojea tu bwana yake atoe kitabu mu mufuko.

Sasa taabu ilianza na ruban ya mashini. Ule utepe wa wino, hakuna mutu anauleta tena. Mimi mwenyewe niliutafuta, benye maduka ya Kasindi banacheka, banauliza kama natoka mu kaburi. Basi maandiko ya Papa Apollinaire ikaanza kutoka nyeupe nyeupe. Siku moja mutangazaji wa radio akakaza macho juu ya karatasi, akashindwa, akatangaza kifo ya shemeji pahali pa marehemu. Shemeji mwenyewe alisikia habari ya kifo yake akiwa anakula. Alimaliza sahani yake, kisha akakuja ku barza na hasira. Kutoka siku ile batu bakaanza kumupita Papa Apollinaire bila kumuangalia, banaenda ku bureau ya photocopie kule chini, kwenye vijana banakupigia tangazo ya baba yako na chewing-gum mu kinywa. Ilimuuma sana. Cravate ikaanza kufungwa vibaya.

Binti yake Séphora, mwenye aliolewa Kampala, akasikia, akaahidi kumutumia ordinateur, ni kusema kompyuta. Mutu mwingine angengojea ordinateur ifike. Yeye hapana. Akashuka kwa benye kuuzisha bitabu bya zamani, kusudi ordinateur ifike ikute yeye alishaijua.

Alichagua vile Mama Virginie anachaguaka shu, ile kabichi: alishika, akapima uzito. Muuzishaji alimuonyesha bitabu bidogo, akamuambia, "Papa, hii ni ya mutu mwenye kuanza." Aa, alimukosea sana. "Mimi naonekana mutu mwenye kuanza?" Akachukua kubwa kupita yote, ya karatasi ngumu, yenye kueleza Windows ya miaka ile ya zamani, mwandishi wake docteur. Akarudi nayo ku bega, batu banafikiri amenunua jiwe ya kusagia.

Aliisoma pale barza, kidole juu ya mustari, bila ordinateur, mpaka page ya mwisho na anwani ya benye kuichapa. Sisi bote tukajifunza naye kwa lazima. Ukipita kumusalimia, anakuita. "Mama Kavugho, unajua ordinateur inaanza wapi?" Unasema hapana. "Inaanza na Démarrer. Chini, kushoto. Bila Démarrer hakuna kitu." Ku avenue yetu kulikuwa bamama benye hawajaona ordinateur na macho, lakini ungebauliza Démarrer iko wapi, bangekujibu pamoja: chini, kushoto.

Ndiyo mimi sasa nikaingizwa mu mambo. Séphora alinifikishia karton pale Kasindi, imefungwa na scotch, akaniambia, "Mama Kavugho, ni ya papa, uilinde." Nikailinda. Ku barrière moja askari aliifungua, akauliza mu Lingala "Mama, oyo nini?", akaangalia, akafunga. Beni nililala mara mbili kungojea njia ifunguke, karton chini ya kichwa yangu. Butembo nikaiweka mu mikono ya Papa Apollinaire, Mama Virginie akanipa chai, nikaenda kwangu na furaha.

Kesho yake asubui namuona ku mulango, cravate imefungwa sawasawa, hataki kukaa.

"Kavugho," anasema. Hakusema Mama. "Démarrer iko wapi?"

Nikafikiri anataka kunifundisha tena. Nikajibu muzuri: "Chini, kushoto, Papa."

"Njo kwenye ilikuwa," anasema. "Sasa haiko. Umeniletea ordinateur yenye imetolewa matumbo."

Kwetu ile neno ni nzito. Munajua vile inafanyika ku njia: unatumiwa pikipiki mupya, inafika na carburateur ya zamani. Unatumiwa radio, ndani banakuwekea udongo. Mubebaji mubaya anajua kufungua na kufunga bila alama. Na mimi sina duka, sina depo, sina pahali pa kuandika jina yangu na rangi. Mutu ananipatia mali yake juu ananijua, basi. Ile siku nilimufukuza Papa Apollinaire na maneno yenye sitarudilia hapa, juu mimi ni mutu wa kanisa.

Mubebaji akishitakiwa, sisi hatukimbilie polisi. Banaita chef ya avenue, na banaita batu bote benye ule mubebaji anabebeaka, juu kama ameibia mumoja, bengine bajue. Chef ni Mathe, iko na moulin ya kusaga, na unga mu nyusi saa zote. Tukakusanyika mu lupango ya Papa Apollinaire, pale kiwanja ya nyumba yake, ba-client yangu bote, na bamama bazee nyuma kabisa ku majani, benye kufuata tu habari.

Ordinateur ilikuwa juu ya meza, imetandikiwa kitambaa ya croché. Kando yake ile kitabu kubwa. Papa Apollinaire akasimama, akafungua kitabu, akaonyesha picha: kioo ya ordinateur, na pale chini kushoto, kidude ya kuandikwa Démarrer. Kisha akawasha ordinateur, akaonyesha kioo yake. Chini kushoto hakuna neno. Kuna tu vitone tisa, bidogo, bimepangwa tatu tatu.

"Kitabu inasema iko," akasema. "Kioo inasema haiko. Mwenye alikuwa katikati ni Kavugho."

Bakapita mumoja mumoja kuangalia, pole pole, kama banaaga marehemu. Mécanicien wa pikipiki mwenye kukaa ngambo ya barabara akainama, akakaza macho, akasema: "Hizi ni tundu za misumari. Bametoa pièce, tundu zimebaki." Akazihesabu. "Na mwenye kutoa hakuwa na haraka, ona vile ni safi."

Nikauliza: "Ba-papa, kama nimeitoa, nimeiuza kwa nani? Mutu anafanya nini na Démarrer peke yake?"

"Ona anatuuliza," akasema mumoja, "kama vile hajui bei yake."

Mathe akatoa maneno yake. Kavugho atafute Démarrer kwenye aliipeleka, airudishe. Mbele ya kuirudisha, hakuna mutu wa avenue anamupatia muzigo. Mama Vagheni, mwenye nilikuwa nimuletee bikwembe, bitenge bya arusi ya mwana wake, alikuwa na kipande ya kuonyesha rangi mu mukono, alishakuja nayo kunipatia. Akaikunja, akairudisha mu sac yake bila kuniangalia. Afazali angenipiga. Nilirudi kwangu nikalia ku mutungi wa maji, na mimi si mutu wa kulia.

Mubaya zaidi, ata mimi nikaanza kujiuliza. Ule askari ku barrière, alifungua, akaangalia. Mikono yake niliiona yote mbili? Mutu akikuita mwizi mbele ya batu wengi, unaanza kupapasa mifuko yako mwenyewe.

Nikamupigia Séphora simu Kampala. Nikamueleza yote, Démarrer, misumari, Mathe. Nikasikia anacheka mpaka anakohoa, nikakasirika nusu nikate. "Mama Kavugho, unisamehe," anasema. "Ile ordinateur haikuwaka na Démarrer. Bwana yangu aliweka système ingine, inaitwa Ubuntu, kusudi virusi haziisumbue. Kitabu ya papa ni ya Windows, na ya zamani sana. Anahitaji kitabu ya Ubuntu, na ya mutu mwenye kuanza."

"Basi umuambie baba yako."

Alimuambia, jioni ile ile. Munajua muzee alijibu nini? Alisema: "Mwanangu, uko na roho nzuri, unataka kumufunika Kavugho. Lakini kitabu imeandika." Akakata simu. Mutoto wake wa kuzaa, mwenye alinunua ordinateur na franga yake, hakuaminiwa mbele ya karatasi ya docteur.

Njo Mama Virginie akakuja kwangu kupitia nyuma, ku mashamba ya ndizi, kitunga ku kichwa kama anaenda sokoni. Akatoa simu. Alikuwa amepiga picha ya kioo ya ordinateur wakati bwana yake alikuwa ku misa, juu mimi sikuwa na ruhusa ya kuikaribia. "Nimeishi na ule mutu, mimi namujua," anasema. "Mutu akimuambia, hasikie. Padri akimuambia, anauliza imeandikwa wapi. Kitabu inajibiwa tu na kitabu. Enda Beni, utafute yenye kufanana na hii picha."

Ile kazi naijua. Sijawahi kununua kikwembe ya mutu bila kipande ya kuonyesha. Picha ikakuwa kipande yangu.

Beni kuko dada moja, Abigaïl, anauzisha bitabu bya masomo, Biblia na ba-calculatrice, mudogo wa umri lakini midomo mingi. Nikamuambia nataka kitabu ya ordinateur.

"Système gani, mama?"

"Ya Séphora."

Akaniangalia. Nikamuwekea simu mbele ya macho. "Aa, Ubuntu," anasema, akapanda ku ngazi, akashuka na tatu, vumbi mingi. "Iko hizi tu. Chagua."

Kuchagua vipi? Kifaransa yangu ni ya kusalimia na ya kukataa bei. Nikashika ya kwanza, kubwa, nzito, na roho yangu ikatulia palepale. Nilishajiona mu lupango ya Papa Apollinaire, naiangusha juu ya meza ya croché, Mathe anaruka na unga yake. Nikasema, "Hii."

"Hiyo ni ya batu benye kutunza mashini za ba-banque," anasema Abigaïl. "Muzee wako ataitumia nini?"

"Ataiheshimu."

"Mama, hii si kikwembe, ati unaangalia upana."

Nikamuambia anisomee page ya kwanza na aniwekee mu Kiswahili. Akaanza. Katikati ya mustari akasimama, akarudia mwanzo, akasimama tena pale pale. Akafunga kitabu, akasema, "Tuangalie ingine." Nilifurahi kidogo kuona ata yeye imemushinda.

Ya pili ilikuwa na ndege ku ganda, nzuri sana, naweza kuitundika ku salon. Page ya kwanza: kulikuwa mutu, alizaliwa mu inchi fulani, akasoma fulani, akakutana na bengine. Abigaïl anasoma, mimi nangojea bafike ku ordinateur, hawafike. Nikamuambia, "Sikukuja kuuliza ukoo yao." Tukafungua katikati, tukaweka simu kando ya picha. Haikufanana. Tupicha twake tunalala chini, twangu tunasimama kushoto kama batu benye kungojea maji ku robinet.

Ya tatu ilikuwa nyembamba, aibu kweli. Ungeikunja ukaifunga mu kiuno ya kikwembe. Abigaïl akasoma: "Washa ordinateur. Ngojea kidogo. Usiogope, hauwezi kuharibu kitu." Nikamuambia arudilie, arudilie tena. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mambo hii ianze mutu kuniambia nisiogope. Na chini ya maneno, picha. Tupicha tunasimama kushoto, na pale chini kabisa vitone tisa, tatu tatu. Nikaweka simu kando. Ilifanana kama kipande na kitambaa yake.

"Na juu ya vitone imeandika nini?"

Akasoma, akanieleza. Nikakaa juu ya karton ya Biblia.

Sasa ningechukua ile nyembamba nikimbie, si vile? Lakini nasema ukweli, nilibaki pale nashika kubwa mu mukono moja na ndogo mu mukono ingine. Ningeingiaje mu lupango na kile kikaratasi, mbele ya kitabu ya docteur? Batu batacheka. Watasema Kavugho ameiba Démarrer na ameleta carnet ya chanjo. Kubwa ingefunga vinywa. Abigaïl, mwenye kujua bei ya kubwa, akaanza pia kuniambia kwamba si mubaya, kwamba mutu anaweza kusonga mbele pole pole. Nilikuwa karibu kutoa franga. Kisha nikafikiri: nikimupelekea ule muzee kitabu kubwa, atakaa ku barza ataisoma yote kwanza, kidole juu ya mustari, mpaka Noeli ya mwaka unaokuja. Na muda yote ile mimi nitabaki mwizi. Nikachukua nyembamba.

Mathe hakutaka kuita batu mara ya pili. Nilisimama ku moulin yake nikasema mbele ya ba-client mpaka akachoka. Bakakuja, na Mama Vagheni akakuja, sac chini ya kwapa. Nikatoa kitabu, na ikakuwa sawa vile niliogopa. Mécanicien akauliza kama ni cantique, kitabu ya nyimbo za kanisa. Mwingine akauliza kama nimeleta na kitabu yenyewe ama ganda tu. Uso ulinichoma mpaka masikio.

Nikaenda mbele ya Papa Apollinaire, nikamunyooshea na mikono mbili. "Papa, ulisema kitabu imeandika. Hii pia imeandika. Soma page ya kwanza tu. Kama haikusema kitu juu ya vile vitone, nitalipa ordinateur."

Mama Virginie, pale ku mulango wa jikoni, akaacha kupembua maharagi.

Akafungua. Akaona neno ya ganda, yenye kusema ni ya benye kuanza, na mudomo wake ukakunjika. Lakini kitabu ni kitabu, hawezi kuona herufi akaziacha. Akasoma kimya, kidole juu ya mustari. Kidole ikatembea, ikasimama. Ikarudi nyuma, ikatembea tena. Kisha akageukia ordinateur, akatupa sisi mugongo, akagusa pale chini kushoto. Mugongo yake ilikuwa imefunika kioo yote. Hakuna mutu mwingine aliona, mimi tu, juu nilikuwa kando yake: kioo ikajaa tupicha, twingi twingi, na kimoja kilikuwa kalamu na karatasi.

Nikajua, na yeye akajua kwamba najua. Lakini neno yangu mu ile lupango ilikuwa neno ya mwizi. Kulikuwa batu benye kujua Kifaransa kidogo, ndiyo, lakini hakuna mutu angenyanganya Secrétaire kitabu mu mikono. Kile yeye anasema imeandikwa, njo imeandikwa. Angeweza kufunga ile kikaratasi na kusema haina maana, na ingeisha vile. Na kama anasema ukweli, basi ni yeye, Secrétaire ya Mususa, mwenye alisoma kitabu muzima mwanzo mpaka mwisho na haikuwa kitabu yake. Mécanicien atamucheka. Bale vijana ba photocopie watamucheka mpaka wameze chewing-gum. Alibaki amenipa mugongo, naona shingo yake inatoka jasho mu kola, na kwa mara ya kwanza nilimuhurumia, ata kama sikutaka.

Mathe akauliza, "Secrétaire, inasema nini?"

Papa Apollinaire akageuka. Akanyoosha cravate. Akainua kitabu juu, vile padri anainuaka Injili, akasoma mu Kifaransa, sauti ya radio, neno kwa neno, mpaka nukta. Batu banatikisa kichwa kama benye kusikia.

Alafu akasoma mu Kiswahili: "Mu hii système hakuna Démarrer. Usiitafute. Bonyeza vile vitone tisa bya chini kushoto, kazi yote inaanzia pale." Akasogea kando ya meza, kila mutu akaona kioo yenye kujaa. Mécanicien akaangalia viatu yake.

Mimi nilifikiri imeisha. Nilitaka iishe, miguu ilikuwa imechoka. Lakini akapita katikati ya benchi, akaenda mpaka nyuma kabisa, kule ku majani, kwa bale bamama bazee benye hawasikie Kifaransa na Kiswahili banasikia nusu. Akainama, akabasomea mu Kinande, luga yao, pole pole. Na mu Kinande akaongeza kitu yenye haikuwa mu kitabu. Akasema: Kavugho, binti yetu, hakuchukua kitu. Mimi njo nilisoma vibaya.

Bamama bale bakajibu pamoja vile banajibuka ku kilio mutu akitajwa jina. Mimi nikakaa chini palepale, kikwembe mu vumbi, nikafunika uso.

Wakati nilifunua, alikuwa amesimama mbele yangu, miwani mu mukono.

"Mama Kavugho," akasema. "Unarudi Kasindi siku gani? Niko na muzigo wa Séphora, ni maharagi na picha ya arusi yetu mu kioo. Iko ya kuvunjika haraka."

Nikapangusa macho, nikamuambia siku ya ine, asubui, na aifunge mu nguo mingi.